Hapa Hakuna Kushikana

Ukiuliza Habsa ni nani, watu wa Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo, watakuonyesha muuza maziwa, watakuonyesha mke wa fundi viatu, watakuzungusha mpaka jua likuchoshe. Uliza Mama Gemu, na hata mbuzi watageuza vichwa. Mwanzoni hakulipenda jina hilo. Alisema linawafanya watu wadhani amezaa mtoto anayeitwa Gemu, na kwamba mtoto huyo ni mtundu. Lakini jina la mtaani ni kama kupe, ukilivuta ndipo linapong'ang'ania, na sasa imepita miaka ishirini na kitu na hata jamaa zake wa Kulamawe wakija mjini wanamwita hivyo hivyo.

Mambo yalianzia kwenye chai. Habsa alikuwa na chumba kimoja cha kukodi, mbele barabara ya vumbi, nyuma ua wa ploti, na humo aliwauzia madalali wa mifugo chai ya maziwa ya ngamia na mahamri. Kaka yake Abdikarim alipoamua kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, alimwachia televisheni kubwa ya kizamani yenye kisogo, mashine ya gemu, na sidii moja ya gemu ya ngumi iliyojaa mikwaruzo. Akamwambia auze vyote. Habsa hakuuza. Siku hizi watu husimulia kwamba aliona mbali, na yeye huwaacha waseme. Ukweli ni kwamba televisheni ile ilikuwa nzito na hakupata mtu wa kuibeba. Ikakaa pale mezani, vijana wakaiwasha, wengine wakaja kuwatazama walioiwasha, na wote hao walihitaji chai.

Gemu yenyewe haina fumbo. Watu wawili wanasimama ndani ya kioo na kupigana mpaka mmoja alale. Majina ya wapiganaji yalikuwa yameandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu Isiolo aliyeweza kuzisoma, kwa hiyo wakapewa majina ya nyumbani. Jitu la upara likaitwa Lori. Mzee wa ndevu nyeupe akaitwa Bwana Mbuzi. Binti mrefu wa mateke akaitwa Twiga, na kwa ajili ya huyo Twiga ndipo sheria ikazaliwa.

Siku hiyo Habsa alitoka nyuma na birika mkononi, akainua macho, akamwona Lori, kifua wazi, amemkamata Twiga kiunoni, amemgeuza miguu juu kichwa chini, na anajiandaa kumbwaga. Madalali walikuwa wameziacha chai zao zipoe. Habsa akaweka birika chini, akaenda ukutani, akazima stima.

"Huyo ni binti ya nani?" akauliza.

"Mama, hiyo ni gemu tu."

"Nimeuliza ni binti ya nani."

Hakuna aliyejua.

"Sasa kama baba yake hamjui, mnamshika kiuno na ruhusa ya nani? Na wanaume wazima wanakunywa chai wanaangalia!"

Aliyekuwa akicheza na Lori ni Waqo, wakati huo kijana mwembamba aliyekuwa akijifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Akajitetea kwamba hata ngumi alizompiga Twiga kabla ya hapo zilikuwa mbaya, na mama hakusema kitu.

"Ngumi ni sawa," Habsa akasema. "Vita ni vita. Lakini kushikana, hapana."

"Na wakiwa wanaume wawili?"

Habsa akafikiri kidogo, kisha akawageukia madalali. "Nyinyi mkigombana huko sokoni, ni nani huwa anashika mwenzake shati?"

Madalali wakatazamana. "Yule ameshapigwa," mmoja akakiri.

"Basi. Mtu akishindwa na ngumi ndio anashika shati. Hapa kwangu hakuna kushikana. Mwenye atashika mtu, aweke padi chini, aende nyuma aoshe vikombe."

Padi ni kile kidude cha vitufe ambacho mchezaji hukishika mikononi, na kukiweka chini zamu yako haijaisha kulikuwa sawa na kuvuliwa kofia mbele ya watu. Wiki za kwanza vikombe vya Habsa viling'aa kama vya harusi. Baadaye watu wakazoea. Baadaye zaidi, kushika kukawa jambo ambalo hata halizungumzwi, na vijana wadogo waliokuja nyuma wakakua bila kujua kwamba kwenye gemu ile mtu anaweza kumshika mwenzake. Vile vitufe viwili vya kushikia vikabaki vipya kabisa huku vingine vikichakaa mpaka vikapoteza rangi.

Sasa wanaojua gemu hizi wameshaanza kucheka, na asiyezijua nimweleze. Katika gemu ya ngumi, anayejikinga hapigiki. Anasimama tu nyuma ya mikono yake, na wewe unapiga mpaka vidole viume. Dawa yake moja kubwa ni kumshika umbwage. Ukiondoa kushika, unabaki na watu wawili wanaojikinga, kila mmoja akingoja mwenzake apandwe na hasira akosee. Mechi za Bulla Pesa zikawa ndefu kama kesi ya shamba. Birika zima liliweza kuisha na watu bado hawajaumizana, na kwa hilo Habsa hakuwahi kulalamika.

Katika uvumilivu huo hakuna aliyemfikia Waqo. Alijikinga huku anapiga soga. Alijikinga huku anatafuna mahamri. Mpinzani alitukana moyoni, akatokwa jasho, mwishowe akaruka ovyo, na hapo Lori akamshusha kwa konde moja. Walikuja kumjaribu kutoka mtaa wa Kiwanjani, wakaja hata kutoka Meru, na kila aliyekuja aliambiwa sheria mlangoni, akazitii kwa sababu mwenye sheria alikuwa pia ndiye mwenye chai. Kabla ya mechi mliulizana habari za nyumbani, mkapeana mikono. Adhana ikiita, kioo kinazimwa. Aliyepigwa anasimama, anampisha mwingine. Waqo alikaa kwenye kile kiti mpaka kikachukua umbo lake.

Halafu dunia ikageuka, taratibu, kama inavyogeuka siku zote, na Habsa akawa wa mwisho kuambiwa. Kwanza ilikuja gemu ya mpira, wavulana wote wakataka mpira. Kisha zikaja simu, na kila mtu akatembea na chumba chake cha gemu mfukoni. Kisha ukaja mtandao wa nguvu, na hilo ndilo Habsa hakulielewa hata alipoelezwa. Kijana yuko peke yake chumbani Kiwanjani, amevaa masikio ya kuchomeka, anapigana na mtu wa Brazili ambaye hajawahi kumsalimia.

"Na akimpiga, wanapeana mkono vipi?" aliuliza.

"Hawapeani, mama."

"Hata kusema pole?"

"Anazima tu."

"Wallahi hiyo ni tabia ya fisi," Habsa akasema, na kwake mjadala ukafungwa.

Lakini chumba kilikuwa kimebaki bila vijana. Wanywaji chai walikuwapo, ila gemu ilikuwa ya Waqo na wenzake wachache wenye vipara, waliopita jioni baada ya kazi kujikumbusha ujana. Mwenye ploti, Njogu, mtu mpole anayepiga hodi hata kwenye nyumba zake mwenyewe, alikuwa akikitaka chumba hicho kwa ajili ya saluni ya mkewe. Alikuja na maneno laini. Angempa Habsa kibanda cha chai upande wa nyuma, chenye kivuli, ila hicho cha mbele, kusema ukweli, siku hizi kilikuwa kinafuga televisheni.

Ilimchoma Habsa kwa sababu ilikuwa kweli. Chumba kile kilikuwa ndicho kitu pekee duniani alichokianzisha yeye, kwa akili yake na kwa sheria zake. Ukikitoa, anabaki kuwa mama wa chai kama mama wa chai mwingine.

Ni wakati huo huo alipoingia Beverlyne, msichana mchangamfu mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, akasema kikundi chao cha vijana kimekodi ukumbi na kitafanya mashindano ya gemu ya ngumi, ya kwanza ya aina yake mjini. Toleo jipya la gemu ile ile ya zamani. Alikuwa amesikia kwamba hapa ndipo ilipoanzia. Angependa Mama Gemu awe mgeni wa heshima, na Waqo acheze.

Habsa akakaa wima. Akamtuma mtu amwite Njogu, na mbele ya mashahidi waliokuwa na vikombe mikononi akatoa neno lake. "Waqo akishinda, vijana wote watajua mwalimu wao yuko wapi, na watarudi hapa. Akipigwa, Njogu, wewe kuja na futi yako upime saluni."

Njogu akakubali, akaomba radhi kwa kukubali.

Waqo alipofika, mikono bado ina harufu ya chuma, Beverlyne akamweleza jinsi mambo yalivyobadilika. "Siku hizi watu wanasoma, bro. Wanasoma fremu. Hii ngumi ni fremu kumi, hii teke ni fremu kumi na tano, kabla uamke ushajua mwenzako amechelewa fremu ngapi."

"Fremu?" Waqo akacheka, akapiga kifua. "Dada, fremu niachie mimi. Nusu ya fremu za milango ya Kiwanjani nimechomelea na hii mkono."

Beverlyne, ambaye fremu zake zilikuwa vipande vidogo vya sekunde, akamtazama Habsa, Habsa akaitikia kwa kichwa kwa fahari. Mtu wao alikuwa amejiandaa.

"Ukipigwa mara ya kwanza," Beverlyne akaendelea, "unaenda upande wa wale wamepigwa, mnapigana huko. Ukipigwa huko tena, sasa unaenda nyumbani."

"Kwa nini asiende nyumbani mara moja?" Habsa akauliza.

"Ni nafasi ya pili, mama."

"Na sheria?"

"Hakuna sheria mingi. Kila kitu iko kwa gemu inaruhusiwa."

Habsa akaridhika. Jambo ambalo watu hawalitendi kwa miaka ishirini haliwi tena kwenye gemu wala popote. Hata Waqo hakuuliza.

Siku ya mashindano ukumbi ulifurika. Bulla Pesa ilihamia huko nzima nzima: mafundi, madalali, wanaume wenye vitambi waliotoka kazini kwa visingizio vya msiba. Habsa alivaa baibui jipya, akawekwa kiti cha mbele chenye kitambaa. Kwenye jukwaa kulikuwa na vioo vyembamba kama trei, na pembeni kijana mmoja kutoka Meru, Muthomi, ameshika kipaza sauti na anatangaza ngumi kama mtu anayetangaza mbio za farasi. Habsa alimsikiliza kidogo akajiuliza nani amemuudhi.

Mechi ya kwanza Waqo alishinda kwa njia ambayo mpaka leo inabishaniwa. Mpinzani wake, mvulana wa shule ya upili, alikuwa ameshavaa masikio yake na kukazia macho kioo. Waqo akakaa, akanyoosha mkono, akamuuliza baba hajambo, mama hajambo, masomo yanaendaje, na mvua kwao imenyesha. Mvulana akavua masikio, akajibu, akavaa, akaulizwa la mbuzi, akavua tena. Mechi ilipoanza alikuwa amechanganyikiwa kabisa, na konde la Lori likamkuta bado anafikiria mbuzi.

Bulla Pesa wakapiga makofi mpaka mabati yakaitika.

Aliyefuata alikuwa Wangui. Msichana mdogo wa umbo, miwani, sweta, binti wa mwenye duka la vifaa vya umeme huko Kiwanjani. Alikuwa ameishi mitaa miwili kutoka kwa Mama Gemu maisha yake yote, na hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba anacheza. Alijifunza peke yake chumbani, akipigana mtandaoni na watu wa mbali. Waqo akamsalimia. Naye akajibu kwa adabu, "Habari yako pia," kisha akamchagua Twiga.

Waqo akajikinga. Aliketi vizuri, akatulia, akamngoja msichana apandwe na hasira. Wangui akapiga ngumi moja, ikakingwa. Akapiga nyingine, ikakingwa. Halafu Twiga akasogea karibu, taratibu, akamkamata Lori kiunoni, akamgeuza miguu juu kichwa chini, akambwaga.

Wanaume wazima wa Bulla Pesa wakasimama kwa pamoja.

"Ameshika!"

"Refa! Huyu msichana ameshika!"

"Vikombe!" akapaaza sauti Gollo, dalali wa mbuzi. "Aende aoshe vikombe!"

"Vikombe gani?" Muthomi akauliza kwenye kipaza sauti, na ukumbi wote ukamsikia.

Habsa alikuwa ameshafika jukwaani. Alimwambia Beverlyne, kwa utulivu wa mtu anayerekebisha kosa dogo la mtoto, kwamba mechi irudiwe kwa sababu binti ameshika. Beverlyne akasema kushika kunaruhusiwa. Habsa akauliza, kuanzia lini. Beverlyne akasema, kwa upole ambao ulimuumiza zaidi ya ukali, "Kuanzia mwanzo, mama. Ilikuwa tu kwa gemu. Dunia nzima inashika."

Habsa akarudi kwenye kiti chake chenye kitambaa. Nyuma yake kioo kiliendelea. Waqo alijikinga, akashikwa, akabwagwa. Aliamka, akajikinga vizuri zaidi, akashikwa vizuri zaidi. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bulla Pesa walisikia la mkuu kwa miaka ishirini, tena wakalitii bila kunung'unika, na guu ndilo hilo linavunjika mbele ya kadamnasi.

"Huyu mzee ni mlango!" Muthomi akapiga kelele. "Amefungwa lakini anabebwa pamoja na fremu yake!"

Watu wakacheka. Habsa aliona mabega ya Waqo yanashuka, yale mabega aliyoyajua tangu yakiwa ya kijana. Hakuwa anapigwa kwa sababu hajui. Alikuwa anapigwa kwa sababu anamheshimu yeye, Mama Gemu. Kabla Habsa hajajua anafanya nini alikuwa amesimama, na sauti ile ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti ikajaza ukumbi.

"Waqo! Mshike!"

Hakuna aliyeamini. Gollo alishika kichwa. Mzee mmoja akasema astaghfirullahi. Waqo mwenyewe aliachia padi, akageuka nyuma na uso uliolowa jasho, huku Lori nyuma yake anakula mateke bila mwenyewe.

"Mama!" akaita. "Kushika iko wapi?"

Kicheko kilichofuata, nasikia, kiliwafikia wanaonunua nyanya barabarani. Hata Wangui aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Kisha akafanya jambo la uungwana. Aliacha kupiga, akainama upande wa Waqo, akamwonyesha kwa kidole. "Hii na hii, pamoja."

Waqo akabonyeza hii na hii, pamoja. Lori akanyoosha mikono yake mikubwa kwa mara ya kwanza tangu siku stima ilipozimwa, akamkamata Twiga, na Twiga akajichomoa hapo hapo, kwa sababu dunia nzima inajua kushika na dunia nzima inajua kujichomoa. Halafu akampiga teke moja la mwisho.

Upande wa waliopigwa Waqo alikutana na kijana mwingine, akashikwa tena, akaenda nyumbani. Wangui akachukua kombe.

Kwa siku zilizofuata mji ulikuwa mtamu kwa kila mtu isipokuwa wawili. Waqo akipita sokoni, watu walimvizia nyuma, wakamkamata kiuno. Akivumilia, wakasema anajikinga. Habsa hakuna aliyethubutu kumgusa, lakini wanaume wake wa zamani walikuja, mmoja mmoja, wakanywa chai wakiangalia chini. Gollo ndiye aliyesema. "Mama, ulitulea vizuri. Lakini ulitulea tupigwe."

Habsa akaingia nyuma kana kwamba anafuata sukari. Alilia huko, kati ya masufuria, kilio kifupi cha mtu asiyezoea. Aliona amechukua furaha ya watoto wa watu, akaikata kipande, akawaambia hiyo ndiyo nzima. Kwa hiyo Njogu alipotuma salamu kuuliza kama aje na futi, alimjibu aje.

Jumatatu asubuhi Njogu akaja, na fundi seremala, wakaanza kupima ukuta ambao ungewekewa vioo vya saluni. Waqo alikuwa amekuja kubeba televisheni, ile ile ya kisogo, ambayo bado hakuna mtu mwingine aliyeweza kuibeba. Akainama kuchomoa waya.

"Ngoja," Habsa akasema. "Hebu nionyeshe hiyo kitu imeniaibisha."

"Kitu gani?"

"Hiyo ya kushika. Nionyeshe ndio nijue nilikuwa nakataza nini."

Waqo akawasha. Akamtafutia Habsa padi nzuri, na alipompa ndipo wote wawili walipotambua, kwa wakati mmoja, kwamba mikono ile haijawahi kuishika ila kwa kufuta vumbi. Aliishika kama sahani ya moto. Waqo akamwelekeza vidole. Habsa akamtaka Twiga. Waqo akachukua Lori wake.

"Sasa sogea karibu. Karibu zaidi. Usiogope, najikinga tu. Bonyeza hii na hii, pamoja."

Habsa akabonyeza.

Twiga akainama, akamkamata lile jitu la upara, akalinyanyua zima zima kama gunia la makaa, akaligeuza, akalibwaga chini mpaka kioo kikatetemeka.

Habsa aliitazama mikono yake. Akabonyeza tena, Lori akaenda juu tena, na sauti fulani ikamtoka, sauti ndogo ya msichana, ambayo hakuna mtu Bulla Pesa aliyewahi kuisikia.

"Kumbe ni tamu hivi!" akasema. "Waqo! Kumbe ni tamu hivi, na nyinyi mlikuwa mnanyamaza?"

"Mama, ulikataza!"

"Na nyinyi mkakubali? Wanaume wazima?"

Akambwaga tena. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, baibui limeteleza begani, birika linachemka nyuma na hakuna anayelijali. Waqo, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule, alikuwa anacheka naye, na anabwagwa, maana bado alikuwa hajajifunza kujichomoa. Seremala aliacha kupima. Njogu alisubiri alivyozoea kusubiri, kisha akakohoa.

"Mama Gemu, samahani. Sijui tungoje? Ni vile tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini?" Habsa hakuyaondoa macho kwenye kioo.

"Kwamba Waqo akipigwa, chumba ni ya saluni. Na Waqo alipigwa, pole sana."

"Alipigwa, ndio. Anapigwa hata saa hii, huoni? Lakini angalia ni nani anampiga." Akamshika Lori kiunoni, akamgeuza miguu juu. "Njogu, chukua futi yako, msalimie mama watoto, mwambie atafute chumba kingine. Miaka yote hii nilikuwa nawekea watu wengine hii gemu. Mimi nimeanza kucheza leo."